Kitabu Nilichokigawa Mafungu

Bukavu, Ibanda
Jumapili, baada ya misa

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, kwa sauti ileile niliyokuwa nakuitia nikirudi kutoka mtoni na ndoo kichwani. Mgongo unaendeleaje? Katekista aliyeniletea barua yako alisema bado unainama juu ya viatu vya wachimba dhahabu tangu asubuhi, na ukiambiwa upumzike unajifanya hukusikia. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Na mama, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima. Bukavu ni baridi wakati huu, mvua inanyesha karibu kila alasiri, na nimenunua sweta ambalo ungelicheka mpaka ushike mbavu, maana lina rangi tatu na mikono yake inanipita vidole.

Uliniuliza kama bado ninasoma au mji umeniharibu. Papa, ninasoma kuliko zamani. Kazi yangu kwenye sekondari ya wasichana ni ileile ya kutunza vitabu. Chumba ni kimoja, kina rafu sita na dirisha linalotazama ziwa. Nafuta vumbi, naandika kwenye daftari nani amechukua nini. Wanafunzi wengine hadi leo wanaandika jina la ubatizo, kisha wanakumbuka kwamba sasa sote tunatumia majina ya babu zetu, wanalifuta na kuandika lingine juu yake, na mimi ndiye wa kusoma michoro hiyo. Kazi ikipungua nasoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa tu wanadhani nimekuja kupumzika. Nimesoma habari za safari, nimesoma hata kitabu kizima cha magonjwa ya ng'ombe, mimi ambaye sijawahi kufuga hata kuku. Ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwanamke mfua nguo anayetembea kwa miguu kutoka kambi hadi kambi akimtafuta mwanawe aliyechukuliwa jeshini. Nimekisoma mara nne, na mara zote nimeanzia mwisho.

Hapa wananicheka kwa tabia hiyo. Hawajui tulivyokulia. Nilipowaeleza kwamba kwetu kitabu kipya kikifika mlimani wewe ulikikata uzi kwa kisu cha ngozi, ukakigawa mafungu, kila nyumba fungu lake, na Jumapili baada ya ibada watu wanabadilishana, walidhani natania. Na kwamba kikishazunguka nyumba zote ulikishona upya kwa uzi wa viatu uliopakwa nta, hilo hawakuliamini kabisa. Sisi tulikuwa nyumba ya mwisho kwenye njia, hivyo fungu la mwisho lilianzia kwetu. Ulitusomea mwisho, halafu ukatubunia mwanzo huku ukigonga misumari ya soli. Siku mwanzo wa kweli ulipofika, mama alisema wa kwako ulikuwa mzuri zaidi. Papa, nakushukuru kwa mianzo ile yote. Sijui kama niliwahi kukuambia.

Sasa nikuambie kosa langu, na usimsomee mama sehemu hii kabla hujaimaliza peke yako.

Mwalimu wa Kifaransa aliwapa wasichana watano kazi ya kueleza kitabu kilekile cha mfua nguo mbele ya darasa. Nakala ni moja. Wakaja kwangu siku moja wote watano, kila mmoja anavuta upande wake, na mmoja karibu alie. Mimi sikufikiri mara mbili. Nilichukua wembe, nikakata uzi taratibu kama ulivyonifundisha, nikatoa mafungu matano, kila moja nikalivika karatasi ya mfuko wa saruji. Jalada tupu nililirudisha mahali pake kwenye rafu. Wasichana waliondoka wakicheka. Nakuapia, siku ile nilijiona mtu wa maana.

Ijumaa Maman Directrice, mkuu wetu wa shule, akaingia mwenyewe. Ni mjane, mtu mzima, anatembea polepole na shule nzima inanyamaza akipita. Alitaka kitabu hicho kwa ajili ya mkutano wa wazazi. Akavuta jalada, likamjia mkononi jepesi, hakuna kitu ndani. Aliniita ofisini, akaliweka mezani kati yetu.

"Juu ya nini ulikata kitabu?"

"Kwetu tunafanyaka vile, maman," nikamwambia. "Ili batu benyi basome."

"Hapa hapana kwenu. Lundi asubuhi kitabu iwe nzima pa meza yangu. Kama hapana, utarudia kwenu."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Nilitoka pale nikaenda kuwatafuta wale wasichana. Nilifikiria nyumbani, nikifika na sanduku langu, na wewe uliyetembea siku nzima kwenda kumwomba padri aniandikie barua ya kuniombea kazi hii. Nilifikiria pia zile rafu sita, kwamba mtu mwingine atazifungua asubuhi. Nilikuwa bado sijamaliza kusoma rafu ya nne.

Mafungu manne yalirudi jioni ileile. Lililobaki alikuwa nalo msichana anayeitwa Furaha, na Furaha alikuwa ameruhusiwa kwenda Kamanyola, kwa kuwa nyanya yake alianguka na kuvunjika mguu. Jumamosi nilikuwa barabarani mapema, lakini ilikuwa salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote, na hakuna lori lililoondoka mpaka watu wamalize kufyeka na kuzibua mitaro. Hata mimi nilipewa koleo. Tulishuka milima mchana, nimekaa juu ya magunia, na kila kona nilishika kamba na kuwaombea ninyi nyote kwa majina. Kule chini kwenye bonde la Ruzizi jua linachoma kama si nchi moja na Bukavu.

Nilimkuta Furaha uani. Nyanya yake amelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa vijiti, na wanawake sita au saba wamemzunguka wakichambua maharage. Furaha alikuwa anasoma fungu langu kwa Kifaransa sentensi moja, kisha anaigeuza kwa lugha ya kwao. Aliponiona akasimama, uso umemshuka. Nikamweleza shida yangu, akanipa zile karatasi mara moja. Lakini nyanya alinyoosha mkono akashika pindo la kitenge changu.

"Ile karatasi haitoke hapa mbele nijue kama ule mama alipata mutoto wake ao hapana," akasema.

Fungu lile lilikuwa la nne, na la mwisho nilikuwa nimeliacha Bukavu. Basi nikakaa chini kati ya wanawake wale, nikachukua maharage ya kuchambua, nikawasimulia mwisho kwa kichwa, Furaha akitafsiri. Jinsi mama yule anavyofika kambi ya mwisho na mwanawe hamtambui, miaka imepita, njaa imembadilisha. Jinsi anavyoomba kazi ya kuwafulia askari, na siku moja kijana anachukua shati lake na kuliangalia kola lilivyokunjwa, vilevile kama kwao zamani, kisha anaketi chini palepale. Nyanya aliachia kitenge changu, akajifuta macho kwa mkono uleule. Papa, niliwasimulia kwa sauti yako. Nilisikia mwenyewe kwamba ni yako, hata pale ulipokuwa unanyamaza kidogo kabla ya jambo kubwa, nami nilinyamaza.

Walinilaza, wakanilisha samaki wa mtoni, na alfajiri wakanipandisha gari la mihogo. Jumapili mchana nilishona. Uzi niliomba kwa mshona viatu wa karibu na soko, nta nikapata kwenye mishumaa iliyobaki kanisani. Nilitoboa, nikashona, nikafumua kwa sababu haikunyooka, nikashona tena. Jumatatu nilikiweka mezani kwake kabla kengele haijalia.

Maman Directrice alikifungua katikati, akakivuta kurasa huku na huku. Hakuna iliyotikisika. Akavaa miwani, akaangalia mshono kwa muda mrefu, akaniambia nikafungue maktaba. Ni hayo tu. Nilifungua maktaba, nikafuta vumbi hata mahali pasipokuwa na vumbi. Niliomba msamaha kwa barua, maana mdomo ulikataa, na sikujibiwa.

Yakapita majuma matatu hivi. Juzi, wasichana wakiwa darasani, akaja tena. Kifuani alikuwa amekumbatia kitabu kinene kwa mikono miwili, amekibana hivi kwa viwiko. Akakitua mbele yangu, na ndipo nilipoona vidole vyake, vimevimba viungo vyote, havikunjiki.

"Ilikuwa ya bwana yangu," akasema. "Kila jioni tulikuwa tunaisoma pamoja. Sasa miaka tatu sijaifungua, iko nzito, mikono inakataa. Unikatie, vile munafanyaka kwenu."

Niliuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika. Alikaa kwenye benchi la wanafunzi akinitazama nikikata, na wembe uliposhika uzi wa kwanza alifumba macho, akayafumbua, akaniashiria niendelee. Yalitoka mafungu manane, mepesi, kila moja linashikika kwa mkono mmoja. Akachukua la kwanza, akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia ni papa yangu, mshona viatu.

"Umuandikie. Umuambie asante yangu."

Jana mchana nilimpelekea fungu la pili nyumbani kwake. Nilimkuta barazani amesinzia, miwani usoni, na la kwanza limefunguka kwenye mapaja yake katika ukurasa wa mwisho. Niliweka la pili pembeni yake nikaondoka bila kumwamsha.

Basi, Papa, hii ndiyo asante yake, nimeibeba kama alivyonipa. Ya kwangu siwezi kuiandika ikaisha.

Msalimie mama, umwambie anywe dawa niliyompa katekista, asimgawie jirani. Umsalimie shangazi mkubwa na nyumba yake yote, na kaka yangu huko kwenye mashimo ya dhahabu, ajiangalie wakati huu wa mvua. Mjomba mwimbishaji wa kwaya umwambie wimbo wake nauimba hapa wakati wa kufuta vumbi. Mungu awaweke wote. Nawe uupumzishe huo mgongo, nina haja nao bado.

Ni mimi binti yako,
Wabiwa