Tanki la Divine Limepata Pumzi

Alhamisi, jioni. Mvua imelaza vumbi la Nakivale, kambi yetu hapa Uganda, na mimi nimeketi mlangoni, mikono inanuka mazutu, ile wengine mnaita dizeli. Nimeinawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Bado. Sawa tu, leo hayo ni marashi.

Wale mnaonisoma mnajua nina binti anaitwa Divine. Mkisahau, mimi nipo kuwakumbusha. Ndiye anaendesha ile pikapu nyeupe kuukuu inayopeleka nyanya za wakulima wetu Mbarara. Mimi niliishia darasa la tano, kule Burundi. Yeye anarudisha pikapu kinyumenyume katikati ya soko la Base Camp na hagusi hata kitunguu cha mtu.

Ila pikapu ilikuwa na ugonjwa. Tanki lilikataa kujazwa.

Mnatiwa mazutu kidogo, pampu inakata, tak. Mnangoja. Mnatiwa tena, povu linapanda linawatemea miguuni. Na lazima tujaze asubuhi njiani, maana gari likilala na tanki limejaa, wezi watalinyonya kwa mpira kabla jogoo hajawika. Kwa hiyo kila safari, pale stesheni ya mafuta, mimi na Divine tulikuwa tunatikisa gari kwa mabega, kama mtoto aliyemaliza kunyonya, ili licheue. Nyuma bodaboda wanapiga honi. Mmoja akasema, "Mama, liimbieni basi, labda litalala." Nikamjibu ashuke asukume, sauti tumeshaisikia, sasa tuone nguvu.

Nilicheka nao, lakini moyo ulikuwa unaniuma. Haji, anayenunua nyanya zetu kule Nyamityobora, Mbarara, alikuwa amesema wazi: "Binti yangu, nyanya yako mzuri, lakini inafika kastoma wamekwenda. Ukichelewa tena wiki hii, kazi nampa mwenye lori."

Bila kazi ya Haji, ile pikapu ni banda la kuku lenye magurudumu.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Huyu anasema mazutu ya siku hizi ina povu mingi. Yule anasema pampu zina nguvu kupita kiasi. Jirani yangu, Mama Jeanine, akashauri padri alinyunyizie maji ya baraka. Sikukataa. Nilisema tu tuangalie chini kwanza.

Basi jana mchana Divine akatandika mkeka chini ya gari, akaingia. Mimi nje nimeshika spana kama nesi. Akapapasapapasa kule chini ya tanki. Halafu nasikia, "Mama, hii ilianza lini?"

Nikafikiri. "Tangu tuweke vyuma."

Kwetu hapa pikapu haiachwi ilivyotoka kiwandani. Fundi wa kuchomelea anaongeza vyuma pembeni ili masanduku ya nyanya yapande juu, ndipo watu wanakuita mwenye gari.

"Ingia uone," akasema. Nikaingia na kitenge changu, na mwili wangu huu, mnanijua. Tanki lina mipira miwili. Ule mnene unapitisha mazutu. Ule mwembamba unatoa hewa iliyokuwa ndani. Chuma chetu kilikuwa kimeukanyaga ule mwembamba mpaka ukawa bapa kama utepe. Hewa haina fasi ya kutokea, mazutu itaingilia wapi?

Tulikuwa tunatikisa na kutikisa, kumbe tumeliziba pua wenyewe.

Divine akafungua vibanio, akautoa, akanipa niupulize. Nikajaza kifua kama mpiga tarumbeta. Upande wa pili hakikutoka kitu, ila mdomo wangu ulipata mazutu ya kutosha kwenda Ngarama na kurudi. Tukatafuta mpira mpya pale Base Camp, na safari hii akaupitisha mbali na chuma. Hakuna aliyemfundisha. Nawaambia mimi niliyemzaa.

Leo asubuhi, stesheni. Divine akamwambia kijana wa pampu, "Jaza tu."

Pampu haikukata.

Mazutu iliingia kwa sauti moja, shwaaa, bila povu, bila kutema, mpaka juu. Mimi nimesimama na mabega yangu tayari, sina kazi. Yule bodaboda wa kuimba alikuwepo. Honi hakuipiga. Alisema, "Eh, mama, leo limelala lenyewe."

Nyamityobora tulifika duka la Haji bado limefungwa. Akatukuta akitoka msikitini.

"Mmelala hapa?"

"Hapana, Haji," Divine akasema. "Gari limepona."

Haji akabonyeza nyanya moja, akabonyeza ya pili. "Mwenye lori nitamwambia asije. Wewe lete kila siku ya soko."

Nikamwambia Haji, huyu ni wangu. Akasema, "Mama Divine, hiyo umeniambia mara mingi."

Njiani kurudi Divine akaniambia sasa naweza kupumzika, hahitaji tena mtu wa kutikisa. Ni kweli. Nina maharage ya kupukuchua, na Mama Jeanine bado hajasikia hadithi yote.

Lakini kesho nitaamka kabla yake, nikae kiti cha mbele. Sitasaidia kitu. Nataka tu kulisikia tanki likijaa mara moja tena.