Picha Yangu Kwenye Kipeperushi Chako

Kilwa Masoko,
17 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Nassibu,

Assalaam alaykum. Na marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kwanza. Hujambo wewe, mkeo na watoto? Dar es Salaam inawatunza?

Mimi afya yangu imekwisha, sitakuficha. Miguu imevimba, na nalala nimeketi kwa kuwa nikijinyoosha pumzi hukata. Daktari anasema moyo umechoka. Alichosema zaidi amekijua Sauda, naye mwanangu huyo hanambii. Akili bado ni yangu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kidogo asubuhi, kidogo baada ya alasiri.

Mvua bado haijashika. Korosho zimeanza kwenda mnadani, na wale waliouza kwa kangomba, kwa bei ya kutupa tangu mikorosho ikiwa maua, sasa wanaokota mali ya watu katika mashamba yao wenyewe.

Nije kwenye jambo lako. Juma lililopita kijana wako Maftaha alikuja na pikipiki, akaleta vipeperushi vya ofisi ya mikopo unayotaka kuifungua Lindi. Nikaikuta picha yangu, na chini yake maneno: "Hata mhariri wetu wa fedha anatuamini." Nikamuuliza nani kawapa. Akacheka.

"Bibi, si umetoka vizuri? Kama bibi harusi."

"Bibi harusi huulizwa kwanza, mjukuu wangu. Mimi nani kaniuliza?"

Akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Vipeperushi viko uvunguni mwa kitanda changu, na hapo havitoki.

Kabla hujakasirika, kuna neno ambalo baba yako, marehemu kaka Kibwana, alikufa bila kulijua. Ulipokuwa kidato cha tano, ada yako nikiilipa mimi, niliwaandikia kwamba gazeti limepunguza wafanyakazi. Ukaacha shule, ukaenda kuuza mitumba. Haikuwa hivyo. Nilifukuzwa.

Unajua kazi yangu ilikuwa kuhariri ukurasa wa fedha za nyumbani, na nilichokijua kuliko wenzangu ni mikopo ya watu wa kawaida. Wakati ule walimu walikuwa wakiwaachia wakopeshaji kadi zao za benki pamoja na namba ya siri, mshahara unachukuliwa kabla mwenyewe hajauona. Mkopeshaji mmoja akatangaza kwetu: riba asilimia ishirini. Maneno "kwa mwezi" yalikuwa madogo kama sisimizi. Chini ya tangazo lake nikaweka hesabu: ukikopa laki moja, ukawa unalipa riba tu, mwaka ukiisha umetoa laki mbili na arobaini elfu, na ile laki moja bado unadaiwa.

Mhariri mkuu, Klementi, hakuwa mtu mbaya. Aliniita akasema, "Mama Sauda, tangazo ndilo linalonunua karatasi. Toa hesabu hiyo tu, mengine yote acha." Nikaomba nifikiri. Nilikufikiria wewe, Nassibu, na ada yako. Kisha nikaupeleka ukurasa mtamboni kama ulivyo.

Kwa uongo niliowaambia, nisamehe. Niliyaogopa macho ya kaka yangu. Kwa hesabu ile, siombi radhi. Sijui kama kuna hata mwalimu mmoja aliyeokoka kwa kuisoma. Ningerudishwa leo kwenye kiti kile, na wewe umesimama mlangoni na sare zako, ningeichapa tena. Nichukie ukitaka, una haki.

Masharti ya ofisi yako nimeyasoma yote. Ni kangomba iliyovaa tai. Utasema watu wana shida na benki hazifiki kwao. Ni kweli, na mimi sijapata kumkataza mtu kukopa. Nilichokataa ni mtu kukopeshwa gizani.

Basi sikia sharti langu. Picha nakupa, na jina nakupa, hata nikiwa kaburini. Ila chini yake uandike, kwa herufi kubwa kama za jina langu: ukichukua laki moja utarudisha jumla ya kiasi gani, lini, na kitu gani kitabebwa nyumbani kwako ukishindwa. Ukiogopa kwamba watu wakisoma hivyo hawatakuja, umeshajijibu mwenyewe. Sauda nimemwusia: akikiona kipeperushi changu kisicho na maneno hayo, Lindi au Mingoyo, asimame sokoni aseme shangazi yako hakukubali. Sauti yake unaijua.

Na nikifa, asithubutu mtu kukopa kwa ajili ya arobaini yangu. Kahawa na kashata vinatosha. Anayetaka pilau akapike kwake.

Nisalimie mkeo, wajukuu zangu wote, na jirani yenu mzee Amiri ukimwona. Sauda anakusalimu, ingawa amekununia. Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyomliza mtu.

Akupendaye hata anapokukatalia,
Shangazi yako,
Fauzia