Hedifoni Zilizofungwa Nyuma

Alhamisi, 14 Novemba 2019

Zimefika! Nilinawa mikono kwanza ndipo nikafungua boksi. Gotthold akanicheka: mke wangu, hizo ni hedifoni, si mtoto wa kubatizwa.

Acheke tu. Makosa ni yake. Tangu Oktoba anakereza malaika wa mbao wa Krismasi huko chini karakanani, mashine inavuma kutwa. Nami huku juu natengeneza CD za ibada kwa wagonjwa wetu kumi na mmoja wasioweza kuja kanisani. Hedifoni zangu za zamani ni za mgongo wazi — zina vitundu nyuma, muziki unatoka, kelele inaingia. Miaka kumi na sita tumezoeana. Lakini mwezi huu nilikuwa nasikia zaburi na msasa pamoja.

Hizi mpya zimefungwa nyuma kabisa. Nilipozivaa — kimya. Kama kuzamisha kichwa majini. Mashine ya Gotthold haipo duniani. Nikasema "Asante Bwana" kwa sauti, na sauti yangu ikanirudia kifuani kama ya mtu mwingine.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimeunguza viazi. Wimbo mmoja uleule, mara sita, nabadilisha: za zamani, mpya, za zamani, mpya.

Za zamani: nimekaa safu yangu ya sita, kinanda cha mabomba kiko kule juu roshani nyuma yangu, dari iko mbali, watu wanaimba kila mmoja mahali pake. Mpya: niko ndani ya kinanda! Besi inafika mbavuni. Upepo unaingia kwenye bomba kabla noti haijalia — hilo sijawahi kulisikia. Miguu ya Volkmar, mpiga kinanda wetu, kwenye makanyagio, tap tap. Ila kanisa limepungua. Waimbaji wote kama wamefungiwa kabatini. Na masikio yanatoka jasho.

Gotthold akauliza sasa zipi bora. Nikamwambia zile zinanipeleka kanisani, hizi zinaniletea kanisa kichwani. Akasema hilo si jibu, na Annegret atataka jibu. Kweli. Annegret Bräuer ni mwenyekiti wa baraza la kanisa, ndiye aliyeziagiza, na mwisho wa kuzirudisha dukani ni tarehe 28.

Jumapili, 17 Novemba

Nimerekodi ibada. Maikrofoni iko palepale, kwenye ukingo wa roshani, hatua mbili kutoka kiti cha Volkmar. Mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hapo, majira ya kuchipua, akidai kinanda chake kilikuwa kinasikika kama kiko kijiji cha pili. Leo amepiga vizuri. Taratibu kidogo. Nina hamu ya kuisikiliza kesho kama mtoto.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimesikiliza rekodi ya jana kwa hizi mpya.

Dakika ya kumi na nne, kabla ya wimbo wa pili. Pale ambapo siku zote kuna ukimya. Kuna mtu ananong'ona. Nilidhani ni karatasi. Nikarudisha. Ni Volkmar.

"Bwana, kidole hiki sikihisi tena. Nishikie. Jumapili moja tu imebaki, nimpigie Christa."

Nikavaa za zamani. Hakuna kitu. Friji, saa ya ukutani, mashine ya Gotthold. Nikavaa mpya — yupo, karibu kuliko mume wangu kitandani.

Christa ni mkewe, tulimzika Aprili. Jumapili ijayo ndiyo ya kuwakumbuka waliolala, mchungaji atasoma jina lake, mshumaa utawashwa, kisha kinanda.

Nikafungua rekodi za nyuma. Septemba: "kidole cha nne, Bwana." Agosti. Juni! Kila Jumapili mahali palepale. Na mimi nimezigawa CD hizo nyumba kumi na moja bila kujua. Wenyewe wanasikilizia redio za jikoni, nadhani hakuna aliyesikia. Nadhani.

Sikumwambia Gotthold. Kile anachokijua Gotthold, duka la mikate linakijua kabla ya mchana.

Jumatano, 20 Novemba. Siku ya Toba

Baada ya ibada Annegret akanishika mkono mlangoni. "Haya dada Roswitha, hizo mpya zina nini ambacho zile za zamani hazina?"

Nikasema besi.

Siku ya Toba, jamani. Mlangoni mwa kanisa. Lakini besi ipo, sikudanganya. Sijui. Bwana anajua.

Annegret si mbaya. Akijua atamwendea Volkmar na supu, amwambie polepole: ndugu, pumzika, afya kwanza. Jumapili watatumia kile kisanduku kinachopiga nyimbo chenyewe, walichokijaribu wakati wa likizo yake. Christa atasomwa jina mbele ya kisanduku.

Jioni nimekata ule mnong'ono kwenye CD za wagonjwa. Kwenye rekodi yenyewe nimeshindwa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Maombi ya mtu — nayafutaje?

Ijumaa, 22 Novemba

Gotthold katangaza kijijini. Eti mke wake sasa anasikia hadi panya akipumua ndani ya kinanda. Volkmar alikuwepo dukani. Akasema atakuja kujaribu.

Jumamosi, 23 Novemba

Yuko hapa. Ndiyo, naandika yeye akiwa mbele yangu, mezani jikoni. Siwezi kukaa bila kufanya kitu.

Amekuja saa tisa na mkate wa zabibu wa Krismasi, wa kwanza tangu Christa aondoke, ameuoka mwenyewe, umeungua chini. "Usimwonyeshe mumeo," akasema, "atautumia kutengenezea malaika." Tukacheka. Nikampa hedifoni za zamani, nikaweka CD ya wagonjwa. Akatikisa kichwa akitabasamu: "Hilo ndilo kanisa letu." Kisha akazichukua mpya. Nikaweka CD ileile. Akasema, "Hapana dada, niwekee ile yenyewe, kabla hujaichonga. Nataka kusikia upepo wa mabomba."

Ningesema nini? Ningesema imefutika. Haikufutika. Nikaiweka, toka mwanzo.

Amefumba macho. Angevaa za zamani ningejua amefika wapi, muziki ungenijia mezani hapa. Hizi hazitoi hata punje. Karakana inavuma, yeye hasikii. Kalamu yangu hasikii. Natazama saa na mkono wake. Vidole vinapiga wimbo wa kwanza juu ya kitambaa cha meza. Vinne vinapiga. Kimoja kinafuata kwa kuchelewa.

Dakika ya kumi na moja. Anatabasamu — upepo, ameusikia upepo.

Ya kumi na tatu. Ninaweza kunyoosha mkono nizime. Meza si pana. Bwana, niseme nini akifumbua macho? Kwamba nami nimekuwa nikiomba pamoja naye tangu Jumatatu, dakika hiyohiyo?

Ya kumi na nne.

Vidole vimesimama. Vyote vitano. Hajavua hedifoni. Anaukunja mkono, anauficha chini ya meza, na sasa ananitazama —