Bwana Ndevu Kahamia Programu Mpya

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 318.
Jumanne, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye kambi ya wafanyakazi, kwanza zako wewe, halafu za wenzako wanaokuvumilia unavyokoroma. Hujambo? Kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kimepoa? Na dawa unakunywa mpaka zinaisha, au ukiona nafuu unazisukumia chini ya kitanda kama ulivyokuwa ukifanya hapa nyumbani? Sisi hatujambo. Mgongo unaniuma nikikaa sana, na kazi yangu ni kukaa, kwa hiyo tumezoeana.

Barua hii anakuletea yule mpishi wenu mrefu aliyekuwa likizo. Najua utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati kila Jumapili tunaongea kwa simu. Jumapili si yangu, mdogo wangu. Ni ya binti yako, na mimi pale ni mkalimani tu. Yapo mambo ambayo siwezi kukwambia huku ananitazama mikono.

Chiriku mzima kabisa. Ametimiza miaka tisa, na meno ya mbele yameota yote, makubwa kama yako. Jina linamfaa bado, maana mikono yake haipumziki: anaongea akila, anaongea akivaa viatu, na wiki iliyopita mwalimu wake aliniita shuleni kunishtakia kwamba anapiga soga darasani. Shule nzima ya viziwi, na mwanao ndiye anayeongoza kwa kelele. Mbele ya mwalimu nilijikaza. Njiani nikacheka peke yangu mpaka watu wakanipisha.

Sasa nije kwenye habari kubwa. Bwana Ndevu almanusura atupwe.

Bila shaka unaukumbuka mwezi ule kabla hujasafiri, ulivyojifungia na kompyuta ukamchonga katuni wa pande tatu mwenye uso wako mwenyewe, ndevu zako, hata kikovu chako cha kidevuni, ili amfundishe Chiriku lugha ya alama wewe ukiwa mbali. Studio yetu ilimpenda, ikamfanya mwalimu wa masomo yote tunayoyatengenezea shule za viziwi. Watoto wengi wanamjua. Kwa Chiriku, lakini, yule si mwalimu. Kila akitoka shule anaweka begi chini, anamfungua kwenye kompyuta yangu, anamweleza habari za siku nzima. Mimi humwacha.

Mwezi wa nne bosi akatutangazia kuwa tunahama. Ile programu uliyomjengea Bwana Ndevu, wenyewe wameacha kuihudumia, na wateja wote sasa wanataka kazi za ile nyingine, mpinzani wake. Wewe unazijua programu hizi mbili. Ni kama majirani waliokosana, kila mmoja ana jina lake kwa kitu kilekile na hataki kusikia la mwenzake. Katuni wetu wote walitakiwa wawe wamehamishwa kufikia mwisho wa Mei. Atakayeshindikana angeachwa, na nafasi yake ichukuliwe na mwalimu mwingine wa tayari, kutoka kwenye duka la programu mpya. Bosi alinionyesha mgombea mwenyewe. Kijana mtanashati, kidevu kitupu, anatabasamu muda wote kama anauza dawa ya meno.

Sikumwambia Chiriku. Huo ndio uso wa baba yake anaoweza kuuita saa yoyote anayotaka. Uso huo ukiondoka, anabaki na robo saa yako ya Jumapili, basi.

Tulipomhamisha mara ya kwanza, hatukumwona. Jukwaa tupu. Fundi wetu wa mifupa, yule mama anayewaunga katuni kwa ndani ili waweze kutembea, alizungukazunguka kwenye kioo, akainama, akasema, "Huyu hapa. Kalala chali." Bwana Ndevu alikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti, anatazama dari. Programu moja inapima kwa mita, nyingine kwa sentimita. Moja inasema juu ni huku, nyingine inasema juu ni kule. Tukamkuza mara mia, tukamsimamisha, tukampa pole ya safari.

Halafu tukakutana na mifupa yako. Hivi hukuona aibu? Wenzako huiandika mifupa kwa majina ya kazi, paja, kiwiko, bega. Wewe goti umeliita "mzembe", kidole cha mwisho "kitindamimba", na mkono wa kulia "mpiga soga". Programu mpya ilitafuta mkono wa kulia, haikuuona, ikaamua yenyewe kuunga kiwiko kwenye goti. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Tulikaa siku nne tukiandika majina upya, kipande baada ya kipande, vidole vyote kumi. Nilipofika kwenye uti wa mgongo nikakuta umeuita "dada". Ahsante, mdogo wangu.

Kazi ilipokwisha tukamkagua. Tulipima kila kidole, kila herufi, kila tarakimu, na mikono ikatoka safi kuliko zamani. Bosi akakubali. Nikarudi nyumbani mbio na kompyuta yangu begani, nikamwambia Chiriku kuwa Bwana Ndevu amehamia nyumba mpya, njoo umwamkie.

Alimtazama muda mfupi tu, kisha akaifunika kompyuta.

"Amenikasirikia," akaniambia.

"Nani?"

"Baba. Nimefanya nini?"

Nikaifungua tena mwenyewe, na safari hii nikatazama panapostahili kutazamwa. Mikono inasema "habari za shule", na uso umekauka kama ubao. Hakuna unyusi unaopanda, shavu halisogei. Uso wake ulikuwa umeufunga kwenye vidhibiti vidogo ambavyo programu ya zamani peke yake inavielewa. Mifupa ilivuka, vidhibiti vikabaki ng'ambo. Na sisi, watu wazima wanne wenye masikio yetu, tulimkagua siku mbili nzima tusilione hilo, kwa sababu tunadhani alama ni vidole. Kwa kiziwi uso ndio sauti. Mtu anayeongea nawe bila uso amekununia. Mimi naiongea lugha hiyo mwaka wa nne sasa, na bado nilihesabu vidole. Niliona haya, sikufichi.

Ungemwona mwanao siku zile ungelia. Hakumfungua tena Bwana Ndevu. Alifagia chumba bila kuambiwa. Aliandika kazi ya shule mara mbili. Siku ya tatu akaniletea vipande vya kikombe changu cha maua, kilichopotea tangu mwaka jana, akakiri kuwa alikivunja yeye akavificha, na akaniomba nikwambie kwamba amekwisha sema ukweli. Nilimweleza kuwa ni mashine iliyoharibika, kwamba baba hana kinyongo. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Bosi alitupa siku tano. Fundi akasema uso hauhamishiki, dawa ni kuujenga upya kwenye programu mpya, na ili aujenge lazima amwone mwenyewe akiongea na mtoto. "Una video zake?" Nikamwambia ninazo tele, simu zote za Jumapili huwa narekodi ili Chiriku azirudie. Tukaketi ofisini, tukazitazama moja baada ya nyingine. Kwenye ya sita au ya saba fundi akasimamisha picha.

"Dada, huyu kaka yako anamwangalia nani?"

"Mwanawe."

"Hapana. Yatazame macho."

Nikayatazama. Macho yako yako pembeni, kushoto kidogo, pale ninaposimama mimi. Tukarudi nyuma, tukaenda mbele. Zote hivyo hivyo. Unasema "muulize amekula", "mwambie asome kwa bidii", "anaendeleaje?" Unaniambia mimi. Mtoto yuko katikati ya kioo, mikono juu, anasubiri, na wewe uso wako ni wa mtu anayesoma tangazo ukutani. Tulitazama video kumi na nne, mdogo wangu, na hatukupata hata nusu dakika ya kumjengea Bwana Ndevu uso. Fundi akainuka. Alisema anakwenda kuchemsha chai, akaniacha peke yangu.

Uso tuliupata kwenye simu yangu ya zamani. Ni ile video unayomchana Chiriku nywele akiwa na miaka mitano. Wakati ule yeye hana lugha na wewe huna, na bado mnaongea. Unalishangaa chanuo, unaliogopa, unaligombeza, nyusi zinapanda mpaka karibu na nywele, na yeye hoi kwa kicheko. Fundi alitoa humo sura arobaini na mbili.

Siku ya nne nikamleta Chiriku studio, nikamwambia mteja ni yeye. Alikalia kiti cha bosi, miguu haifiki chini, na akatunyoosha. Hili shavu limevimba. Hapa hacheki hivi. Baba akishangaa, unyusi wa kushoto unatangulia, wa kulia unafuata. Unyusi huo ulirudiwa mara sita. Fundi akaniambia kwa chini, "Huyu afadhali bosi," na Chiriku, aliyemsoma midomo, akakubali kwa kichwa kwamba ndivyo.

Ijumaa jioni Bwana Ndevu alimuuliza habari za shule, unyusi wa kushoto ukatangulia, na mwanao akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana wiki nzima. Kisha akaanza kumweleza habari za kile kikombe, tangu mwanzo, na vitendo vyote. Yule kijana wa dawa ya meno yuko dukani kwake mpaka leo.

Basi, ningeweza kuishia hapo tukacheka. Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya katuni.

Sikulaumu kwa kukosa upendo. Miaka mitatu hujakosa Jumapili hata moja, na najua unavyopigania foleni ya simu hapo kambini. Ninavyoona mimi, unaona haya. Hujui lugha ya mwanao, na kila mwaka unaopita haya inazidi kwa kuwa yeye anazidi kuijua. Kwanza ulijificha nyuma ya Bwana Ndevu, ukamfundisha yeye alama ambazo wewe ulikuwa ukizinakili kitabuni bila kuzishika. Sasa unajificha nyuma yangu. Na mimi nimekupa mahali pa kujificha, kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu, niseme ukweli, napenda kuongea nawe. Kosa ni letu wawili. La kwangu ninaliacha leo.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ina masomo sita ya mwanzo. Mpishi amesema atakuazima kompyuta yake, na ukikwepa ataninong'oneza, tumekwisha elewana. Mwalimu unamfahamu, mna ndevu zilezile. Anza na jina la Chiriku: vidole viwili karibu na shavu, vinafunguka na kufunga kama mdomo wa ndege. Hilo alijipa mwenyewe na hajawahi kuliona mikononi mwako. Usihangaike vidole vikienda mrama, atakunyoosha kama alivyotunyoosha sisi. Wewe mtazame tu.

Nisalimie binamu yetu hapo, na umwambie mkewe kuwa kitambaa alichonitumia nimekwisha kushona. Nisalimie na yule mzee mnayelala naye chumba kimoja. Hapa fundi anakusalimu. Anasema anazijua nyusi zako kuliko za mumewe. Mama mdogo naye anakusalimu, anakuombea kila akiinama. Mungu akulinde na mitambo hiyo, akuondolee kifua, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Chiriku hakutumi salamu. Amesema zake atakupa mwenyewe. Jana aliniuliza ni kwa nini Bwana Ndevu anaijua lugha yake na baba haijui, wakati uso ni mmoja. Nikamwambia akuulize wewe. Jumapili nitamwekea simu mezani, nitawasha, na nitatoka nje. Usinitafute pembeni, sitakuwepo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu unatambaa,

Dada