Nilicheka Mahali pa Kulia

Alhamisi. Hapa Madale mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua yenyewe haina haraka, kama mie.

Hakuna filamu ya lugha yoyote inayonipita. Kihindi, Kichina, Kifaransa, we niwekee tu, nitakuhadithia mpaka mwisho.

Haya, uongo. Kihindi changu kilikuwa ngumi na machozi. Mjukuu wangu Zuhura alipokuwa mdogo nilikuwaga nampakata kwenye banda la video pale Sinza, namnong'oneza sikioni wanachosema. Natunga tu. Akakua akiamini babu yake anajua lugha za watu.

Sasa yuko chuo, anasoma Kifaransa. Jumamosi kuna tamasha la filamu za kigeni, na filamu moja fupi itaonyeshwa ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini. Kayaandika Zuhura. Wiki nzima hajatulia. Gauni la kijani lilikuwa limepigwa pasi, limetundikwa mlangoni, hata mie nikipita nalisalimia.

Juzi jioni akanikalisha mbele ya kompyuta yake niwe wa kwanza kuitazama. Eti babu akielewa, ukumbi mzima utaelewa.

Shule niliishia la nne. Kusoma nasoma, ila mie natembea na yale maandishi yanakimbia. Nikiwa bado nahangaika na neno la pili, sentensi imeshaondoka, imekuja nyingine. Mara mwanamke kashika simu, kaziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani kapewa umbea mtamu. Nikacheka, tena kwa sauti, nionekane nimo.

Zuhura akasimamisha filamu. "Babu, huyo mama kaambiwa mwanawe amefariki. Unacheka nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli.

Nikajikuna kidevu. "Nacheka Kiswahili chako, mchumba. Nani anaongea hivyo?"

Hakunirudishia utani. Akafunga kompyuta taratibu, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Leo gauni halipo mlangoni. Mama yake kaniambia Zuhura kamwomba mwalimu aiondoe filamu, na mwalimu kampa mpaka kesho afikirie. Kisa, kama hata babu kamcheka, wageni watafanyaje?

Nimeona aibu mpaka kofia inanibana.

Mchana nimemfuata jikoni nimwambie. Nikafungua mdomo, ukatoka mzaha kuhusu mboga. Mzee mzima naogopa binti niliyemfuta kamasi.

Kwa hiyo naandika. Zuhura, najua utaisoma hii kabla ya watu wote, maana ukurasa huu wa mtandaoni umenifungulia wewe na makosa yangu unayarekebisha wewe. Hili usilirekebishe. Kiswahili chako sikukicheka, sikukisoma hata nusu. Kilinipita. Nilikuwa radhi uonekane hujui kuandika, kuliko mie nionekane sijui kusoma.

Mpigie mwalimu. Rudisha gauni mlangoni.

Halafu kuna kitu nakudai. Kule bandani nilikunong'oneza mpaka koo likakauka, nawe hujawahi kunilipa. Jumamosi nikalishe pembeni yako, uninong'oneze na mie. Sikio la kulia, la kushoto limeshazeeka.

Na pakifika pale pa simu, nifinye.