Nimkabidhi Nani Simu ya Wagonjwa Wangu?

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijatia saini, maana kichwa kinaniuma na nyumbani tumeshaanza kununiana.

Mimi na shangazi yangu tunaendesha karakana ya kujaza mitungi ya oksijeni, tunawapelekea wagonjwa majumbani, na wateja wameongezeka mpaka karatasi za ukutani tunazoandikia majina yao hazitutoshi, ndiyo nikaamua tutengenezewe mfumo wetu wa kompyuta, na hapo shemeji, mume wa dada yangu, akaniletea kampuni ya marafiki zake, watu wametakata, wakamulika ukutani kwetu ramani ya mji mzima yenye taa zinazotembea, kila taa gari, kila nukta mgonjwa, nikabaki mdomo wazi, mshauri, sikujua kitu kizuri kiasi kile kinaweza kuwa changu, nikasema ndiyo kabla hawajamaliza kueleza.

Ila nilikuwa nimeshamwalika pia mama mmoja anayetengeneza programu peke yake. Huyu hakuja na ramani. Aliomba kiti karibu na shangazi, anayepokea simu, akakaa. Sasa kwetu kuna jambo: mgonjwa akizidiwa hawezi kusema, kwa hiyo hugonga simu kwa kidole, ko, ko, ko, na zamani shangazi aliwajua wote kwa namna wanavyogonga, lakini siku hizi ni wengi mno, anakisia. Simu ya namna hiyo ikaita yule mama akiwepo. Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akauliza polepole, "Shangazi, akigonga na humjui, inakuwaje?"

"Tunatuma magari kila upande, mwanangu, tunamwomba Mungu."

Akaenda zake, baada ya siku chache akarudi na programu ndogo, hata rangi haina. Simu ikaita, na papo hapo, kwa namba iliyopiga, kwenye kioo cha kompyuta likatokea jina, mtaa, mlango wa bluu, mbwa mkali. Ko, ko. Shangazi akasema, "Nimekuona, baba. Mtungi unakuja. Usiseme kitu, pumua tu." Nywele zilinisimama, mshauri! Dereva alivua kofia. Nililia mbele ya wafanyakazi na sikuona aibu.

Ningemchukua, lakini yuko peke yake, akiugua nani atatutengenezea, na hataki hata kutaja tarehe ya kumaliza, anasema bado hajaijua kazi yote, wakati wale wa ramani wana tarehe tayari na wanasema wagonjwa watajaza fomu kwenye simu zao, na dada naye ameniambia, "Ukimkataa mume wangu, umenikataa mimi." Nifanyeje?

Mwenye Mitungi

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Mitungi, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisoma nimesimama. Huyo shangazi mpe salamu zangu.

Lakini wewe nawe! Mtu anayepigania pumzi ajaze fomu, na wewe ukasema ndiyo? Zile taa zilikuwa za magari gani, wakati hao mabwana hawajaona hata gari lako moja? Pole, hata mimi ningepumbaa. Sasa amka.

Mchukue huyo mama. Anayekwambia "bado sijajua" amekuheshimu. Ila usimchukue kichwakichwa. Tafuta mahali ambapo programu yake inatumika, nenda mwenyewe, uliza: ikiharibika anakuja au anazima simu? Andikianeni kwamba programu yote ni mali yako na nakala inakaa kwako, na kwamba ataleta mwenzake anayeielewa, ili akiugua msikwame. Akukabidhi kipande kimoja, kifanye kazi kweli, ndipo aanze kingine. Na zile karatasi za ukutani usibandue hata moja mpaka shangazi aseme.

Kuhusu dada, usimtumie ujumbe. Nenda kwake, ukae, umwambie mume wake hujamkataa, umekataa fomu. Halafu mwombe shemeji aje akae mapokezi asubuhi moja, na simu ikiita apokee yeye, shangazi akiwa pembeni. Usimweleze kitu. Akishamsikia mtu anagonga kwa kuwa pumzi imemwishia, yeye mwenyewe atakwambia umwite nani.