Kimto cha Nyonga

Shoga yangu Kadzo,

Leo nilikuwa Takaungu, kwenye nyumba ya watu wanaotaka nyaya zote zibadilishwe. Kabla ya adhuhuri nyonga ikaniuma mpaka nikashuka ngazini, nikakaa barazani na mkoba wangu wa vyombo mapajani. Nikasema moyoni, nikirudi Malindi nitapita kwa Kadzo nimweleze. Nilikuwa nimeshayapanga na maneno. Kisha nikakumbuka. Hivi ndivyo ninavyoishi sasa, shoga. Kila mara nakumbuka upya.

Kibanda chako pale nyuma ya soko kimechukuliwa na muuza mitumba. Ni mtu mzuri, hunisalimu. Lakini pale ulipokuwa ukitundika viti vya pikipiki ulivyokwisha kushona, yeye ametundika suruali, nami siku hizi nazunguka kwa njia ya msikitini, ingawa ni mbali.

Nani mwingine anajua habari ya nyonga yangu? Mamangu alijua, naye alitangulia. Watu wakiniona, mwanamke fundi wa stima, hushangaa kidogo, yakaisha. Hawajui kwamba tangu nilipopata ajali nina chuma ndani, na kwamba ngozi inayokifunika ni nyembamba. Mkoba wenye nyundo na koleo na bisibisi, niufungao kiunoni, ulikuwa ukigonga pale pale kila nikipanda, hata pakafanya kidonda. Nikiuvaa begani ulinivuta upande, na mara moja nusura nianguke. Nilikuja kibandani kwako kukwambia naacha kazi, nitafute duka la mtu niuze balbu. Ulikuwa na sindano mdomoni. Ukaitoa, ukanambia, "Usiache kazi kwa sababu ya mkoba. Mkoba ni kitu cha kushonwa."

Kimto cha kwanza ulikijaza sponji ya viti. Mwanzoni kilikuwa laini, kisha kikanywa jasho langu, kikanuka, kikalala kama chapati. Cha pili ukakijaza makumbi ya nazi, nikawa najikuna juu ya ngazi kama mwenye upele. Nilipokuja kukusimulia ulicheka mpaka mteja wako akanuna. Cha tatu ukaokota ndara zinazotupwa na bahari, ukakata ile raba, ukaipanga tabaka kwa tabaka, ukaivika turubai. Hicho hakikunywa jasho. Lakini bado kilinigandamiza pale pale penye chuma.

Ukaitazama nyonga yangu bila haya, kama unavyotazama kiti kilichopasuka. Kisha ukachukua kisu, ukatoboa tundu katikati ya kimto, la kuenea kiganja. Ukasema uzito ukae pembeni, katikati pasiguswe na kitu. Ukakitia mikanda miwili yenye bizimu, ili nikifunge nyuma ya mkoba na kukifungua nikitaka kukifua, na mkoba ukichakaa nikihamishie kwenye mwingine. Siku ile nilipanda ngazi nikasahau kama nina nyonga.

Nilikuwa bado nafanya kazi na kimto kile ulipougua. Lile tumbo ulilosema ni la kupita. Ukalazwa Kilifi, nikakuletea uji, ukanywa kidogo ukasema nimezidisha sukari. Niliporudi na mwingine usio na sukari, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Ule uji… sijui niliuweka wapi. Sikumbuki kabisa.

Tulikuzika kwenu Marafa. Mimi nilisimama nyuma na buibui langu, sijui nyimbo zenu, nikakuombea kwa nilivyofunzwa.

Mvua zilipoisha nilikwenda kumjulia hali mama yako. Nikachukua na kimto, nikitaka tu aone kazi ya mkono wako. Maana nyumbani hawakubakiwa na kitu, Kadzo. Cherehani ilikwenda na kaka yako Mombasa, na nguo zako wakagawana jamaa, kama ilivyo desturi. Nilimshika mkono, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba na kuniwekea kigoda. Nikamweleza kimto ni cha nini. Akakipokea, akapitisha vidole kwenye lile tundu, akakizungusha, akakizungusha tena.

"Hii ni kata," akanambia. "Ya kutia kichwani chini ya mtungi wa maji. Nilimfunza mie kuikunja, hata shule hajaanza."

Wewe hukunambia hivyo. Labda hata wewe hukujua umeitoa wapi.

Tukakaa. Kuku wakapita katikati yetu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, waweza kuniachia?"

Nisikufiche, moyo wangu ulikataa. Nilikuwa na kazi Jumatatu, na kimto kilikuwa kimoja tu, na aliyekishona yuko pale nyuma ya nyumba chini ya udongo. Lakini alikuwa ameshakikumbatia, Kadzo. Nikamwambia ni chake.

Huku mjini nilimwendea fundi mwingine anishonee kama kile. Akaniuliza, "Kimto gani hicho cha kutobolewa katikati?" Nikaanza kumweleza, nikaishiwa maneno, nikatoka. Wewe sikukueleza. Wewe ulitazama.

Basi nimeshona mwenyewe, kwa mkono. Raba nimeipata, turubai nimelipata, mikanda imekaa sawa. Tundu ndilo limekwenda kando, ndiyo maana leo nimeshuka. Pale barazani nilijipima upya kwa vidole, nikalipanua upande mmoja kwa kisu, nikarudi juu nikamaliza chumba kilichobaki. Bado linasugua kidogo. Nitakifumua tena na tena mpaka tundu lipate mahali pake. Sitaacha kazi. Hilo nalikuahidi tangu ulipokuwa unasikia, nami narudia leo.

Na jingine. Mama yako bado anatumia koroboi, ilhali nguzo ya stima imefika kwa jirani yake. Mahindi yakishavunwa nitapanda Marafa na ngazi yangu. Nitamtilia taa sebuleni na nyingine pale anapolala, waya nivute mwenyewe. Kisha nitamwita aje awashe yeye, na nikae naye kidogo kabla ya kurudi. Sote wawili hatuna wa kuzungumza naye habari zako.

Mola akupe raha huko uliko, shoga yangu. Mama yako yuko nami.

Wako,
Rukia